Msiwanyang'anye Simu, Wapeni Hesabu ya Kweli

Kwa wakufunzi wa kompyuta katika vyuo vya ufundi na vya biashara vya Eldoret na viunga vyake, na kwa wale wanaowatungia wanafunzi wao mitihani.

Walimu wangu,



Kilichonifanya nishike kalamu ni tangazo. Limebandikwa kwenye mlango wa maabara ya kompyuta ya chuo kimoja mjini, chuo ambacho sitakitaja kwa kuwa ndicho nilicholipia karo na bado nakipenda. Linasema kwamba kuanzia muhula ujao kila mwanafunzi ataacha simu yake kwenye kikapu kabla ya kuingia. Nasikia vyuo vingine navyo vinawaza hivyo hivyo. Sababu ni moja: vijana hawasikilizi. Excel inafundishwa mbele, wao wako TikTok nyuma.

Kwamba hawasikilizi, ni kweli. Mimi hukaa nao. Ni mweka hazina wa kikundi cha wakulima wa viazi, mama wa makamo, na siku za Jumamosi hupanda matatu Timboroa, nikapita Burnt Forest na Cheptiret, nikaenda kujifunza lahajedwali pamoja na watoto waliomaliza kidato cha nne juzi. Wengi wametumwa na wazazi "wafanye pakeji" huku wakingoja kuitwa chuo kikuu. Wananiita Mama, wananisaidia kishale cha kipanya kikinipotea, kisha wanarudi kwenye simu zao. Kutoka kiti changu cha nyuma naona yote. Mmoja anatazama mabao ya Ligi Kuu ya Uingereza. Mwingine anajibu ujumbe huku akicheka na nafsi yake. Na kuna kijana mmoja mpole, haachi marvin yake kichwani hata jua likiwaka, ambaye hufuatilia kile kindege cha mchezo wa kamari wa Aviator kikipaa, kidole kikiwa tayari kutoa pesa kabla hakijatoweka. Mbele, mwalimu anasema: bonyeza hapa, sasa bonyeza pale.

Lakini kuna jambo ambalo mwalimu aliyesimama mbele halioni. Kwenye skrini za wengi wa vijana hao kazi imekwisha. Ni jedwali lile lile: majina kumi ya wanafunzi wasiokuwepo, alama zao za Hisabati, Kiingereza na Kiswahili, jumla, wastani, daraja. Tulipewa, tukalifanya, tukapewa tena likiwa na majina mengine. Jirani yangu hulimaliza kabla maelezo hayajafika katikati. Asikilize nini? Hakuna mzazi anayeusubiri wastani wa hao kumi. Ukikosea hapunjwi mtu, ukipatia halipwi mtu. Aviator, pamoja na ubaya wake wote, ina shilingi za kweli ndani.

Ninachowaomba kwa hiyo si ukali wa mlangoni. Naomba mazoezi yawe na mtu nyuma yake, mtu anayeingoja jumla. Niruhusuni nieleze kwa nini naona hili ni jambo kubwa kuliko simu.

Msimu uliopita kikundi chetu kilimwajiri kijana mwenye cheti cha pakeji, kimepigwa muhuri na alama zake ni nzuri, atuingizie kaunta buku yetu kwenye Excel. Alikuwa na bidii na mkono mwepesi. Siku moja lori lilipopakiwa, bei ilikuwa shilingi 2,400 kwa gunia. Wakulima watatu wa kwanza walikuwa wameleta magunia 12, 9 na 15. Kwa hiyo walistahili 28,800, 21,600 na 36,000, jumla 86,400. Kompyuta ikasema 64,800. Kijana akaiamini kompyuta. Nilikuwa nimejumlisha kwa kalamu, nikaiamini kalamu, na tukakaa hapo tukitazamana.

Ilichukua muda kuona kilichotokea. Ile 21,600 aliiandika kama sisi sote tunavyoandika pesa kwenye risiti: 21,600/=. Excel ikiona ile alama ya mkwaju na ya usawa mwishoni, haioni tena nambari, inaona maneno, na fomula ya SUM hupita juu ya maneno bila kuyahesabu. Haikupiga kelele. Haikuweka alama nyekundu. Dalili ilikuwa moja tu: nambari za kweli husogea upande wa kulia wa seli, na ile 21,600/= ilikuwa imeegemea kushoto. Mkulima mmoja angekwenda nyumbani bila malipo ya magunia tisa kwa sababu ya desturi ambayo kila muuza duka wa Kenya anayo, na ambayo sijasikia ikitajwa hata mara moja darasani.

Simlaumu kijana. Alifundishwa kupaka rangi vichwa vya safu, kuunganisha seli, kuweka mipaka mizito. Hakuwahi kupewa jedwali lenye kasoro.

Na kasoro za namna hiyo kwetu ni nyingi, tena ni za kwetu hasa. Ingiza nambari za simu za wanachama, ile sifuri ya mwanzo inatoweka, na ujumbe wa malipo hauendi popote. Ingiza tarehe ya mauzo, 3/4, ukimaanisha tatu Aprili. Ikiwa kompyuta imepangwa kwa mtindo wa Marekani, inaandika nne Machi. Ukiandika 13/4 pamoja na mwaka wake, inashindwa kuielewa na kuiacha kama maneno. Sasa nusu ya mauzo yako yamehamia miezi mingine na nusu hayako kwenye mwezi wowote. Mpeni mwanafunzi jedwali kama hilo, mwambieni kuna pesa za mtu zimepotea humu, kisha angalieni kama atakumbuka simu.

Au mpeni la viazi. Viazi vyetu huku vingi ni Shangi, na anayekijua kiazi hicho anajua kwamba huchipua upesi baada ya kuvunwa. Huwezi kukificha ungoje bei. Lori likifika, unauza. Dalali anajua hivyo kuliko sisi. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zinataka gunia lisizidi kilo 50, lakini magunia ya mukorino, yale yaliyoongezwa kilemba juu, hayajaisha barabarani. Chukueni safu tatu tu: bei ya gunia, uzito wa gunia, na safu ya tatu inayogawanya ya kwanza kwa ya pili. Gunia la 2,400 lenye kilo 50 ni shilingi 48 kwa kilo. Gunia hilo hilo la 2,400 likijazwa hadi kilo 80 ni shilingi 30. Mkulima anayehesabu kwa gunia anasema bei haikubadilika. Safu ya tatu inasema amekatwa shilingi 18 kwa kila kilo, akashukuru. Nililifanya jedwali hilo nyumbani, nikawaonyesha wenzangu kwenye mkutano, na mzee mmoja ambaye hajawahi kugusa kibodi akasimama kuja kusoma skrini kwa karibu. Hilo ni somo la kugawanya na kuburuta fomula kwenda chini, lipo kwenye silabasi yenu tayari. Kilichokosekana ni viazi.

Mtaniambia vijana wa siku hizi hawana umakini, kwamba enzi zenu mlisikiliza. Sina hakika na enzi hizo. Lahajedwali lenyewe lilizaliwa na mwanafunzi aliyekuwa akiota ndoto za mchana darasani. Simsingizii, amesimulia mwenyewe. Mwaka 1978 Dan Bricklin alikuwa akisomea biashara Harvard. Mwalimu alikuwa akichora ubaoni jedwali la hesabu, na nambari moja ikibadilika ilibidi afute na kuandika upya kila nambari iliyoitegemea. Bricklin, akili ikiwa imetoka nje ya somo, akaanza kuwaza ubao unaojirekebisha wenyewe. Mwaka uliofuata yeye na rafiki yake Bob Frankston wakatoa VisiCalc kwa kompyuta ya Apple II, yenye safu wima 63 na safu mlalo 254. Lotus 1-2-3 ikaja 1983, Excel 1985, tena kwanza kwenye Macintosh. Leo karatasi moja ya Excel ina mistari 1,048,576 na bado tunaitumia kuorodhesha alama za watoto kumi wasiokuwepo. Harvard ingekuwa na kikapu cha kuwekea ndoto mlangoni, huenda sote tungekuwa bado tunafuta ubao.

Hata hivyo ndoto ya Bricklin haikuwa na mlio, wala haikumulika uso wa jirani. Hapo mna hoja, na siwezi kuikwepa. Mwaka 2013 watafiti watatu wa Kanada, Sana, Weston na Cepeda, walichapisha majaribio yao juu ya wanafunzi wanaotumia kompyuta darasani kwa mambo mengine. Waliofanya mambo mawili kwa pamoja walipata alama pungufu, kama ilivyotarajiwa. Lakini wale waliokaa nyuma yao, ambao wao wenyewe walikuwa wakisikiliza ila skrini ya mwenzao iko machoni mwao, walishuka zaidi: alama zao zilipungua kwa asilimia 17. Nikiwa mtu wa viti vya nyuma naliamini jambo hilo bila ushahidi wa ziada. Kindege cha yule kijana kimenipokonya masomo kadhaa.

Basi wekeni kanuni za simu, siwazuii. Simu isiyohusika na kazi iwe mfukoni. Ninachokataa ni kudhani kwamba mkishazikusanya mtakuwa mmemaliza. Mtoto aliyenyimwa simu na kupewa jedwali la watu wasiokuwepo atatazama dirisha.

Tena kuna hasara nyingine ya kikapu, nayo inaniuma zaidi. Ndani ya kila simu mtakayoitia humo kuna jedwali bora kuliko yote mliyonayo. M-Pesa imekuwa nasi tangu 2007, na kila mwanafunzi wenu anaweza kuomba taarifa ya akaunti yake ya miezi kadhaa: tarehe, maelezo, pesa zilizoingia, zilizotoka, salio. Inakuja kama PDF iliyofungwa kwa nywila. Kuitoa humo na kuiingiza kwenye Excel ni vurugu tupu; safu zinaingiliana, nambari zinageuka maneno, mistari inakatika katikati. Vurugu hizo ndizo kazi yenyewe. Hakuna ofisi itakayomkabidhi kijana wenu data iliyonyooka.

Najua inawezekana kwa sababu nimeiona. Jumamosi moja mwalimu alichelewa, nami nilikuwa nikihangaika kujua tumemlipa mwenye lori kiasi gani tangu msimu uanze. Yule kijana wa marvin akageuka. "Mama, hiyo ni rahisi, ngoja nikuonyeshe na yangu." Akafungua taarifa yake, akanakili, akabandika, safu zikavurugika, akazinyoosha moja moja. Akapanga safu ya maelezo kwa alfabeti ili malipo ya mtu mmoja yakae pamoja. Kisha akaburuta SUM kwenye kundi moja la mistari, lile la kampuni ya kamari. Jumla ikatokea. Aliitazama kidogo, akaifunika kwa kidole nisiione, akasema fomula ndiyo hiyo, Mama, sasa jaribu yako. Tangu alipoifungua taarifa, simu ilikaa mezani na haikuguswa. Sisemi ameacha kubeti; sijui na si kazi yangu. Nasema kwamba katika muda ule alitumia kupanga, kusafisha na kujumlisha kwa ustadi ambao cheti hakimdai.

(Taarifa ya mtu ni siri yake. Kila mmoja afanye yake kwenye kiti chake, mwalimu apewe fomula, asipewe jumla.)

Sasa nigeukie wenzetu mnaotunga mitihani, kwa maana mwalimu hufundisha kile kitakachoulizwa. Karatasi za zamani tunazorudia darasani zinasema: taja faida nne za lahajedwali. Eleza maana ya seli. Mtu anaweza kuyajibu hayo kikamilifu akiwa hajawahi kuona kompyuta, na baadhi yetu tunafanya hivyo, maana siku ya marudio umeme ulipotea na hakuna aliyeona tofauti. Nawaomba swali moja tu la aina nyingine. Mpeni mtahiniwa faili lenye makosa matatu yaliyofichwa na jumla isiyo sahihi, aseme makosa yako wapi na nani amepunjwa.

Hilo si jambo la wakulima peke yao. Mwaka 2010 wachumi wawili wakubwa, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walitoa makala iliyosema nchi zenye deni linalozidi asilimia 90 ya pato lao hudorora, wastani wa ukuaji ukiwa chini ya sifuri kwa asilimia 0.1. Wanasiasa wa Ulaya na Marekani wakaitumia kutetea kubana bajeti. Kisha mwanafunzi wa uzamivu wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Thomas Herndon, akapewa zoezi la darasani: chagua makala maarufu, rudia hesabu zake. Hesabu zikakataa kukubaliana. Akawaandikia wenyewe, wakamtumia faili lao la Excel. Fomula ya wastani ilianzia mstari wa 30 ikaishia wa 44, ilhali orodha ya nchi ilifika hadi mstari wa 49. Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark zilikuwa zimeachwa nje. Kosa hilo peke yake lilikuwa dogo. Pamoja na mengine aliyoyaona yeye na walimu wake katika uteuzi wa takwimu na namna ya kuzipa uzito, wastani ulipanda hadi asilimia 2.2. Ilikuwa Aprili 2013. Nchi iliyo na deni kama letu ingepaswa kukifundisha kisa hicho kila muhula.

Na Oktoba 2020 huko Uingereza wagonjwa 15,841 wa korona walichelewa kuingizwa kwenye hesabu ya taifa, kwa sababu faili la mtindo wa zamani wa Excel lilijaa kwenye mstari wa 65,536 na yaliyozidi yakadondoka. Wenye kompyuta nzuri na mishahara minono nao hupotelewa na mistari. Tofauti ni kama kuna mtu aliyefunzwa kuitafuta.

Hali yenu naijua. Kompyuta ni chache, wanafunzi wawili kwa mashine moja na wakati mwingine watatu, na mmoja akiandika mwingine hana la kufanya ila simu. Hili nalo lina dawa ambayo haigharimu shilingi, na wahasibu wa zamani waliijua kabla ya kompyuta kufika: kusomeana hesabu. Mmoja ashike kaunta buku asome kwa sauti, mwenzake aandike; wakimaliza, aliyeandika asome kutoka skrini na mwenye kitabu atie vema. Halafu wabadilishane. Asiye na kibodi anakuwa ndiye mwenye mamlaka, kwa maana yeye ndiye anayesema si kweli, rudia. Nimelijaribu na binti yangu nyumbani, akanikamata nimeruka mstari mzima, na akafurahi kupita kiasi.

Mnaweza kuuliza mtapata wapi data za kweli. Mko Eldoret! Mmezungukwa na vikundi vya maziwa, sako za boda boda, vyama vya akina mama, makanisa yenye harambee za jengo lisiloisha. Kila mmoja wao ana kaunta buku na mweka hazina anayelala vibaya. Mkiuliza kwa adabu watawapa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inatutaka tuwe waangalifu na habari za watu, kwa hiyo majina yaondolewe, kila mkulima apewe namba, na simu na vitambulisho vibaki kwetu.

Kikundi chetu kimekubali kuanza. Mkutano ulipitisha kwamba chuo chochote kinachotaka kinaweza kuja kupiga picha kurasa za mauzo za misimu iliyopita, majina yakiwa yamefunikwa. Ukurasa umeandikwa kwa mikono mitatu tofauti, una matone ya mvua, una "/=" kila mahali, na kuna siku mbili ambazo uzito haukuandikwa kabisa. Sharti letu ni kwamba jumla mtakazozipata mturudishie, pamoja na orodha ya mistari mliyoitilia shaka, kabla hatujanunua mbegu za mvua ndefu. Siku nzuri ya kuja ni katikati ya wiki, kwa sababu Jumamosi mimi huwa darasani. Muulizie mweka hazina wa viazi pale stendi ya Timboroa, boda boda yeyote atawaleta.

Wenu katika hesabu,

Mweka hazina,
Timboroa